Hedifoni za Sheikh Metwalli

Wagdi alimvisha Nabih kilemba, akamvalisha na miwani mizito ya kusomea, kisha akambana kichwa kwa hedifoni.

"Mimi Mkristo mwana wa Mkristo," Nabih alinung'unika. "Miaka arobaini nauza redio katika duka hili, leo ndiyo nakuwa sheikh?"

"Kichwa ni kichwa, ami Nabih. Tulia."

"Mke wangu akipita hapo nje je?"

"Atakubusu mkono. Tulia, nakusihi."

Wagdi akafungulia rekodi ya dufu kwenye simu, akapandisha sauti, akasogeza sikio lake karibu na shavu la mzee. Dufu lilikuwa linavuja. Pale mkono wa miwani ulipoinua mto wa ngozi wa hedifoni, ilitoka sauti ndogo, tik, tik, tik, kama panya nyuma ya kabati. Mtu mwingine asingeijali. Wagdi alizivua zile hedifoni, akaziweka upande wa zilizoshindwa, akachukua nyingine. Zilikuwa za nne.

Ilikuwa Jumanne. Jumapili asubuhi Sheikh Metwalli angeingia chumba cha upasuaji kutolewa zoloto lote. Madaktari hawakumficha. Wakimkata ataishi, wasipomkata atakufa kabla ya mwaka kuisha, na akishakatwa hataimba tena. Katika koo hilo kulikuwa na kasida moja ya beti kumi na tisa ambayo hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeijua kuiimba. Maneno yake yalikuwa yameandikwa kwenye daftari. Lakini maneno ni mifupa tu. Sauti yake, namna inavyopanda na kushuka, Sheikh aliipokea kwa mwalimu wake, marehemu Sheikh Abulwafa, na mwalimu aliusia isiimbwe popote ila kaburini kwake, mara moja kwa mwaka, bila spika wala mashine ya kunasa. Simu zote zilikusanywa kwenye kapu mlangoni. Mwanafunzi pekee aliyefundishwa nusu yake alikwenda Kuwait kuendesha lori, akaisahau.

Mwezi uliopita, alipotoka hospitali na karatasi mkononi, Sheikh alikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne alimwita Wagdi.

"Nirekodi," alimwambia. "Sheikh wangu nitamjibu mwenyewe huko niendako."

Wagdi alikuwa amemfuata Sheikh Metwalli tangu ana miaka kumi na miwili. Aliacha shule darasa la sita, akawa anabeba nyaya na betri za spika katika maulidi, mji kwa mji. Hakuwa na sauti ya kuimba wala mkono wa kupiga, ila alikuwa na sikio. Alijua spika ipi imelegea kabla haijaanza kukoroma. Alipooa, Sheikh mwenyewe ndiye aliyemwombea posa kwa wazazi wa Ragaa, akawaambia, "Kijana huyu hasemi sana, lakini anasikia." Sasa alikuwa na studio yake, chumba kimoja cha nyumba yake ya kupanga kwenye ghorofa ya pili, kuta zake zimefunikwa magodoro na mazulia mabovu. Aliwarekodia wauza vitunguu na wanunua vyuma chakavu ile miito yao wanayoipiga kwa kipaza sauti mitaani. Asubuhi akiamka, alikuwa anasikia kazi zake zikipita chini ya dirisha juu ya mikokoteni.

Kumrekodi Sheikh haikuwa kazi ya namna hiyo. Sauti ilikuwa imeisha, imebaki kama uzi. Ukimweka chumba kimoja na mpiga dufu na mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, dufu linammeza. Akijaribu kuimba peke yake bila dufu, anapotea kwenye beti ya tatu, anasimama. Kwa hiyo Wagdi aliwarekodi wapigaji kwanza, wale wazee wawili wa kaburini, dufu na nai, wakashika mpigo na vile viitikio vifupi kati ya beti na beti, wakiacha nafasi ya kurudia ya pili kama kaburini. Sheikh angewasikia masikioni, aimbe mbele ya maikrofoni iliyofunguliwa wazi kabisa ili inase hata pumzi. Maikrofoni iliyo wazi namna hiyo inanasa kila kitu. Dufu likivuja kutoka sikioni, linaingia ndani ya sauti, na likishaingia halitoki tena.

Hedifoni zake za kazi zilikuwa zimechoka, zinamwaga ngozi nyeusi begani kama mba. Alikuwa na nyingine nzuri, za mgongo wazi, zenye matundu kama kawa. Hizo alizipenda kuliko kitu chochote cha nyumbani. Alizivaa jioni baada ya kazi, na muziki ulikuwa unakaa mbele yake kama watu waliokaa uani. Lakini za mgongo wazi hutoa sauti nje kama redio. Hizo ndizo alizompelekea Nabih, abadilishe apewe zilizozibwa mgongo. Baada ya hapo hedifoni hizo mpya zingekuwa za kazi na za nyumbani.

Za nne zilikuwa za Kijapani, nzito, zenye mito minene laini iliyoumeza mkono wa miwani. Wagdi alisogeza sikio. Kimya. Akazivaa mwenyewe, akasikiliza nai. Nai ilikuwa kavu, haina hewa, lakini kila pumzi ya mpigaji ilikuwa pale pale.

"Hizi," alisema.

"Unasikia nini wewe humo, mwanangu, ambacho sisi hatusikii?" Nabih aliuliza, akivua kilemba.

"Sisikii kitu, ami. Hilo ndilo ninalolitaka."

Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Sheikh alipanda ngazi polepole akiwa ameshika ukuta. Ragaa alimpa chai ya anisi ya moto. Kilemba hakukivua. Asingemsifu Mtume kichwa wazi. Wagdi alizipitisha hedifoni chini, utepe ukakaa nyuma ya shingo badala ya utosini, mito ikashika vizuri masikio yote mawili juu ya mikono ya miwani yake. Kisha akatoka, akafunga mlango, akakaa kwenye ushoroba mbele ya kompyuta, akimtazama kwa kioo kidogo cha mlango.

Dufu likaanza. Sheikh akainua mkono wa kulia, akauweka sikioni kama alivyozoea maisha yake yote, kiganja kikagonga plastiki. Akaushusha. Akaimba.

Wagdi alisikia beti ya kwanza. Mahali pa kupanda palipandwa na mahali pa kushuka palishukwa, lakini ilikuwa kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi asubuhi. Beti ya nne Sheikh alisimama, akavuta hedifoni shingoni. Wagdi akafungua mlango.

"Umenizika, Wagdi."

"Nipunguze dufu, Sheikh wangu? Nikuongezee sauti yako?"

"Unaniongezea nani? Huyu unayeniwekea masikioni simjui. Mimi naimba, yeye anaimba, wote wawili tuko kaburini." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipofuta mdomo leso ilikuwa na alama nyekundu. Aliikunja haraka. Wagdi alijifanya anatengeneza waya.

Usiku ule Wagdi hakula. Alimwambia mkewe kwamba kosa ni la hedifoni, Wajapani wamezifanya kavu mno, mtu akizivaa anajisikia ndani ya fuvu lake.

"Siku ngapi zimebaki?" Ragaa aliuliza.

"Tatu."

"Na koo lake litaimba mara ngapi katika hizo tatu?"

Hilo ndilo swali Wagdi aliloliogopa.

Alhamisi duka lilipofunguliwa alikuwa tayari mlangoni. Nabih, bila kuambiwa, alichukua kilemba akajivisha mwenyewe. Walijaribu nyingine tano. Moja ilikuwa na sauti pana, karibu ipendeze kama zile za mgongo wazi, lakini ilibana mpaka Nabih akasema anamwona marehemu mama yake. Nyingine ilikuwa nyepesi, ikavuja. Wagdi alikuwa anazivaa na kuzivua, anarudia nai ile ile, hata masikio yake yenyewe yakachoka, asiweze tena kutofautisha. Mfa maji haachi kutapatapa. Mwisho alichukua zile pana zinazobana, akazinyoosha juu ya maboksi mawili ya betri mpaka zikalegea kidogo.

"Wagdi," Nabih alimwambia alipokuwa anatoka, "nimeuza vitu hivi maisha yangu yote. Hakuna hata kimoja kinachoimba."

Mchana Sheikh alikuja tena. Hedifoni zilikuwa pana, nai ina hewa, dufu liko mbali kidogo kama inavyotakiwa. Sheikh aliimba beti sita, akaacha. Zilikuwa zimekufa kama za jana, na sasa sauti ilikuwa inakatika katikati ya neno. Hakulalamika safari hii. Alisema tu, "Samahani, mwanangu, nakupotezea muda," na maneno hayo yalimchoma Wagdi kuliko lawama.

Kwenye ngazi walikutana na Zaghlul, dobi wa ghorofa iliyo chini ya studio, mwenye pasi ya makaa na tumbo la kutangulia. Zaghlul hakuwahi kukosa usiku wa kaburini kwa miaka thelathini. Alimbusu Sheikh mkono, akamwangalia Wagdi.

"Nasikia kupitia dari kama mtu anahesabu mashati. Ni nini hicho?"

"Ni mimi," Sheikh alisema.

Zaghlul uso ukamwiva kwa aibu.

Ijumaa, baada ya sala, Zaghlul alipanda juu bila kuitwa, ameoga, amevaa kanzu safi. "Nikae naye ndani," alisema. "Nitakaa kama samani."

"Wewe?" Ragaa alisema kutoka jikoni. "Ukikaa kimya wewe, mimi nitaamini bahari imekauka."

Wagdi hakuwa na la kupoteza. Alimkalisha Zaghlul kwenye kona juu ya godoro, akamwapisha asitoe sauti. Dufu likaanza, Sheikh akaimba beti ya kwanza, imekufa. Akaimba ya pili. Mwishoni mwa ile ya pili, mahali sauti inapogeuka na kushuka ngazi tatu, Zaghlul alisahau kiapo.

"Allah! Allah, ya Sheikh! Rudia, Mungu akuhifadhi!"

Sheikh alimwona amefungua mdomo, akamsikia kwa mbali. Akasukuma hedifoni nyuma ya sikio la kulia, akaweka kiganja pale, akarudia. Wagdi, kwenye ushoroba, alihisi nywele za mikono zikisimama. Sauti ilikuwa ile ile, uzi ule ule, lakini sasa ulikuwa umevutwa, una kitu kilichoning'inia mwisho wake. Zaghlul akapaza sauti tena, Sheikh akaichukua juu zaidi. Beti tatu zilikwenda hivyo, kisha koo likakataa, wakaacha.

Walipotoka, Wagdi alisikiliza alichonasa. Dufu lilikuwa limevuja kote, tik, tik, tik, kutoka sikio lililoachwa wazi. Na juu ya mwisho wa kila beti alikuwapo Zaghlul, amelalia sauti ya Sheikh kama mtu aliyelala juu ya kitanda cha mwenzake. Hapakuwa na neno moja la kuokolewa. Beti tatu bora alizowahi kuzisikia zilikuwa zimeharibika, na koo lililoziimba lilikuwa limetumika.

Alivua hedifoni, akaweka paji la uso juu ya meza.

Ragaa alileta chai. Aliiweka kando ya kichwa chake, akasema, "Amezoea kuitikiwa. Unamziba masikio halafu unamwambia aimbe. Hata mimi nikikusimulia kitu nawe husemi 'ehe', naacha."

"Nikimwacha wazi, dufu linaingia. Nikimweka Zaghlul ndani, Zaghlul anaingia."

"Basi Zaghlul asikae ndani. Mwingize masikioni."

Wagdi aliinua kichwa. Siku nne alikuwa anatafuta hedifoni itakayofanana na chumba kisicho na kuta, na Sheikh hakuwa anataka sauti nzuri. Alitaka mtu. Na hizi zilizozibwa mgongo, alizozilaumu siku zote hizo, zingeweza kumbeba Zaghlul mzima mzima, na tumbo lake, na kelele zake zote, bila tone moja kutoka nje.

Jumamosi asubuhi alivuta waya mpaka jikoni. Zaghlul alikalishwa kati ya jiko na mtungi wa gesi, amevaa zile hedifoni za zamani zinazomwaga ngozi ili amsikie Sheikh na wapigaji, maikrofoni ya wauza vitunguu mbele ya mdomo wake. Alichosema kingekwenda kwenye masikio ya Sheikh, si kwenye kinachonaswa.

"Nipige kelele nitakavyo?"

"Utakavyo."

"Miaka thelathini nasubiri ruhusa hii," Zaghlul alisema, lakini hakucheka. Ragaa alikaa kwenye kigoda karibu naye.

Sheikh alifika saa nne, amechoka kabla ya kuanza. Alimwambia Wagdi kwa mnong'ono, "Mara moja. Haitakuwapo ya pili." Wagdi akamvisha zile hedifoni pana, akaangalia mto umekaa vizuri chini ya kilemba na juu ya mkono wa miwani, akabonyeza pembeni kwa kidole, akatoka.

Dufu. Beti ya kwanza. Sheikh alifika mwisho wake, na kupitia kioo Wagdi aliona mabega yake yakishtuka. Zaghlul alikuwa ameingia. Kupitia ukuta wa jikoni alisikika kidogo tu, lakini kwenye kompyuta mstari wa Sheikh ulikuwa safi, tupu, mweupe. Sheikh akatabasamu, akafumba macho. Akainua mkono, akauweka juu ya plastiki na kuuacha pale.

Akaimba.

Aliimba ya pili mara mbili kwa sababu Zaghlul aliomba. Aliimba ya sita kwa pumzi moja ambayo daktari yeyote angeapa kwamba haimo kifuani mwake. Wagdi hakuigusa mashine. Aliogopa hata kumeza mate. Ya kumi, ya kumi na tatu. Kila mara uzi ulipotaka kukatika, jikoni walikuwa wanaushika. Kwenye ya kumi na sita sauti ilianza kupasuka. Ya kumi na saba aliimaliza kwa kukwaruza, lakini aliimaliza, na kupanda na kushuka kwake kote kukasikika.

Nai ikajibu. Dufu likahesabu. Sheikh akafungua kinywa kwa beti ya kumi na nane, na hakuna kilichotoka.

Akajaribu tena. Hewa tu. Akashika koo kwa mkono wa kushoto, macho yakamtoka akimtafuta Wagdi kwenye kioo. Wagdi alisimama, mkono kwenye kitasa, asijue aingie au asiingie. Wapigaji masikioni walikuwa wanaendelea. Hawakujua. Walikuwa wamerekodiwa majuma mawili nyuma.

Ndipo Sheikh alipouinua mkono wa kulia. Akauinua juu polepole, akaushusha ngazi moja, akaushikilia pale ukitetemeka, akaupandisha tena juu ya kichwa, juu ya kilemba, mpaka mkono wa kanzu ukateremka kiwikoni. Midomo ilikuwa inatamka maneno bila sauti. Wagdi alielewa. Ilikuwa sauti ya beti ya kumi na nane. Mkono ulikuwa unaiimba.

Kwenye mashine mstari ulikuwa umelala. Ilinaswa pumzi, na mchakacho wa kitambaa, basi.

Zaghlul alikuwa anasikia dufu na nai tu, na kimya katikati. Wagdi aligeuka, akamwona amekamata meza kwa mikono miwili, macho mekundu, midomo ikihesabu. Alijua mahali. Miaka thelathini. Pale ambapo mkono wa Sheikh, chumbani, ulifika juu na kuanza kushuka, jikoni Zaghlul alisema, bila kupiga kelele, kama mtu anayemwambia jirani yake msikitini:

"Allah."

Sheikh alilisikia neno hilo. Akakubali kwa kichwa, akaiimba beti ya kumi na tisa kwa mkono wote mpaka mwisho, mpaka vidole vikalala juu ya goti.

Baadaye, akiwa amekaa kwenye kiti cha ushoroba, Sheikh aliandika kwenye pembe ya gazeti: *Umezipata?*

Wagdi alilitazama gazeti. Maisha yake yote hakuwa mtu wa maneno, na uongo ulikuwa maneno mengi kuliko yote.

"Kumi na saba, Sheikh wangu," alisema. "Kumi na saba ninazo."

Sheikh alimwangalia sana. Kisha akamshika mkono wa kulia, akauinua hewani, akaanza kuuongoza, juu, chini ngazi moja, kushikilia. Alipomaliza aliurudisha mwanzo. Zaghlul alikuja akasimama mlangoni na Ragaa nyuma yake. Walirudia mara nyingi mchana ule, Sheikh akimsahihisha kwa kumpiga kofi dogo la kiganja, na kila Wagdi alipojaribu kuufuata mkono huo kwa sauti yake mwenyewe, ile sauti isiyojua kuimba, alipotea mahali pale pale.

Jumapili saa mbili walimpeleka hospitali. Wagdi alikaa kwenye benchi la nje, mkono wake ukienda juu na chini peke yake juu ya goti, na watu waliopita walidhani anaomba.